Ruta ya ofisini: waifai nzuri, ila kuingia kwenye setingi zake nilitoka jasho

Nianze na uzuri wake nisije nikaonekana nina chuki nayo. Hii ruta tunayo ofisini mwaka wa pili sasa, tupo watu 14, kila mtu na laptopu yake na simu yake, na upande wa mawimbi haijawahi kutuangusha, unakaa chumba cha mwisho kabisa nyuma ya kuta mbili na video inaendelea bila kukwama. Jina la kampuni naliacha, maana yaliyonikuta naona yanaweza kumkuta yeyote mwenye ruta ya aina yoyote ikiwa imefungwa kama hii yetu ilivyofungwa.

Ilikuwa hivi, kuna mwenzetu aliacha kazi, bosi akasema tubadilishe nywila ya waifai, ni dakika 10 tu hiyo si ndiyo? Nikamjibu dakika 5 bosi. Ikala siku nzima na nusu ya kesho yake.

Chini ya ruta kuna stika, imeandikwa 192.168.0.1, namba ya kufungulia ukurasa wa setingi, na jina la kuingilia na nywila ya kiwandani, nikasema poa kila kitu kipo. Nikaandika ile namba kwenye simu, brauza ikaniletea matokeo ya kutafuta badala ya kufungua ukurasa, kumbe kidole kilikuwa kimeweka nafasi katikati ya namba. Nikaandika upya, safari hii nikaanza na http:// ili isijifanye inatafuta. Ikazunguka weee mwisho ikasema ukurasa haufikiki.

Hapo nikapitia yale ya kawaida ambayo kila mtu atakwambia, na kusema kweli mawili kati ya hayo nilikuwa nayakosea kweli. La kwanza, simu yangu ilikuwa kwenye waifai ya wageni, na waifai ya wageni imetengenezwa makusudi uone intaneti tu usiguse vifaa vya ndani, kwa hiyo hata ungekuwa na nywila zote duniani huwezi kuuona huo ukurasa. La pili, laptopu ilikuwa na VPN ya kazi (programu inayopitisha mawasiliano yako kwa njia ya siri) imewashwa na ile ya kwetu inabeba kila kitu kukipeleka nje, hata namba za hapohapo ndani. Nikazima VPN, nikahamia waifai ya wafanyakazi, nikazima na data ya simu maana simu nayo ina tabia ya kuikimbilia data yake kimyakimya. Bado. Inazunguka tu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja kwenye chati. Jibu: zima, subiri, washa. Nikazima nikawasha mara tatu, kila nikizima nasikia "aaah!" kutoka upande wa uhasibu. Mara ya nne nikaulizwa tena kama nimeshajaribu kuzima na kuwasha, nikafunga chati.

Kilichonifungua macho ni amri moja ya zamani sana, ukiwa kwenye Windows unafungua lile dirisha jeusi unaandika ipconfig, halafu unatafuta mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo namba ya mlango ambao kompyuta yako inatokea kwenda nje. Mimi ikaniletea 192.168.1.1, siyo 192.168.0.1 ya kwenye stika. Nikasema enhee kumbe stika ni ya uongo! Nikaiandika, ukurasa ukafunguka hapohapo, nikaweka nywila ya kwenye stika, ikakataa. Nikarudia kwa herufi kubwa, ikakataa. Nikajaribu admin na admin, nikajaribu na ile ya waifai yenyewe, baada ya mara kama 5 ikanifungia nisubiri. Nipo pale nimekaa nasubiri ndo naangalia ukurasa vizuri, jamani, nembo ya juu siyo ya kampuni iliyotengeneza ruta yetu. Nilikuwa nagonga mlango wa jirani muda wote. Ule ulikuwa ukurasa wa modemu ya kampuni inayotuletea intaneti.

Sasa hapa ndipo penye maana yote ya hii habari. Ruta zinafungwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ruta ndiyo bosi, inagawa anwani (namba kama hizo za 192.168) kwa kila kifaa na yenyewe inakaa kwenye ile namba ya stika. Namna ya pili inageuzwa kuwa akses pointi, yaani inasambaza mawimbi tu, kazi ya kugawa anwani inabaki kwa modemu, na yenyewe inaomba anwani kwa modemu kama simu yako inavyoomba. Ikishakuwa hivyo ile namba ya stika haipo tena kwenye mtandao, na anwani iliyopewa inaweza kuwa namba yoyote tu. Fundi aliyetufungia aliiweka hivyo, na alifanya vizuri tu, kosa ni kwamba hakuandika popote, na simu yake siku hiyo haikupatikana.

Basi kazi ikawa kuisaka. Kwenye stika pia kuna MAC, zile herufi na tarakimu 12 ambazo ni kama namba ya chesisi ya kifaa. Kwenye lile dirisha jeusi nikaandika amri nyingine, arp -a, ikaleta vifaa vichache tu maana inaonyesha vile ambavyo laptopu yako imeshaongea navyo karibuni. Nikaweka programu ya simu inayopekua mtandao mzima, ikaleta orodha ndefu, nikawa nalinganisha moja moja kama mtu anayekagua tiketi. Hakuna iliyofanana kabisa! Ila kulikuwa na moja ambayo kila kitu kipo sawa isipokuwa herufi ya mwisho. Hilo nimejifunza kwa tabu, ruta moja inaweza kuwa na MAC zaidi ya moja, ya waya na ya mawimbi, zinapishana mwishoni kidogo tu. Anwani yake ilikuwa 192.168.1.37. Nikaiandika, brauza ikanitisha kwamba ukurasa si salama (ruta nyingi zinajitengenezea zenyewe cheti cha usalama, brauza haikitambui, ukiwa na uhakika ni ruta yako unaendelea tu), na nembo safari hii ikawa yenyewe. Nilipiga kofi peke yangu.

Nywila ikakataa. Fundi alishaibadilisha.

Na sitamlaumu, nywila za kiwandani ni hatari, ile programu haribifu ya Mirai ya 2016 ilivamia kamera na ruta kibao kwa kujaribu tu nywila ambazo watu hawakuzibadilisha. Lakini angeiacha kwa mtu jamani, hata kwenye karatasi ndani ya droo.

Ikabaki kuriseti, yaani kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Nikachukua pini nikabonyeza kile kitundu sekunde 10 mpaka taa zikapepesa, na hapa nilifanya ujinga mkubwa kuliko wote, sikuchomoa waya wa modemu kwanza. Ruta ikiwa akses pointi matundu yake yote ya kuchomekea waya ni sawa, kwa hiyo fundi alichomeka waya wa modemu kwenye tundu la kawaida, siyo lile la intaneti. Baada ya riseti ikaamka ikijiona bosi tena, ikaanza kugawa anwani zake za 192.168.0 humo humo ndani ya mtandao wa modemu. Wagawaji wawili kwenye nyumba moja! Waifai ilishapotea maana jina lilirudi la kiwandani, hilo nilitegemea, ila sasa hata waliokuwa kwenye waya wakaanza kuchanganyikiwa, kompyuta moja ya uhasibu iko sawa, ya pembeni yake haina intaneti, printa haionekani. Ambao waliendelea vizuri ni wale ambao muda wa anwani zao za zamani ulikuwa haujaisha. Dada wa uhasibu akaniuliza, "Kaka, hivi unatengeneza au unaharibu?" Sikuwa na jibu zuri.

Nilipochomoa ule waya kelele zikapungua, wale waliokwama wakawasha upya kompyuta wakarudi hewani. Ruta nikaiweka mezani peke yake, waya kutoka kwenye ruta mpaka kwenye laptopu, hakuna modemu hakuna waifai, nikaandika 192.168.0.1 na ikafunguka kwa sekunde moja. Stika ikawa ya kweli tena! Nikaweka nywila mpya ya kuingilia (inakulazimisha kabla ya yote, nawapongeza kwa hilo), nikarudisha jina la waifai lilelile la zamani na nywila mpya, nikahifadhi nakala ya setingi kwenye laptopu, halafu nikaigeuza akses pointi na kurudisha waya.

Wakati narudisha waya ndo nikaona modemu nayo ina stika yake, imegeukia ukutani, nywila ipo hapo imeandikwa kwa herufi kubwa. Yaani ningeigeuza tu hii modemu jana yake ningeona orodha ya vifaa vyote na anwani zao bila kupekua chochote. Nikaingia huko nikaifungia ruta anwani yake ile ya 37 isibadilike, nikachukua kalamu nikaiandika kwenye stika na kuikata ile ya zamani kwa mstari.

Alama zangu: mawimbi 5 kati ya 5, setingi 2. Ningewapa 4 kama kile kijikaratasi cha ndani ya boksi kingesema sentensi moja tu kwamba ukiigeuza akses pointi namba ya stika inakufa, na wahudumu wao wakaulizia hilo kabla ya kuniambia nizime na kuwasha. Nywila mpya ya kuingilia iko kwa bosi kwenye bahasha, na tundu lenye waya wa modemu nimelizungushia plasta nyekundu, dada wa uhasibu kaandika juu yake "USIGUSE, HASA WEWE".