Nilirudia kidato cha nne nikiwa kazini: nilicholipia, nilichopata bure na ambacho sikukihitaji

Mimi ni wa kidato cha nne 2012. Waliomaliza mwaka ule hawahitaji maelezo mengi. Matokeo ya kwanza yalitoka Februari 2013, asilimia 60 ya watahiniwa wakawa na ziro, yaani daraja sifuri, mimi nikiwemo. Mei serikali ikayafuta, alama zikapangwa upya, nikapanda kutoka ziro hadi daraja la nne, pointi 33. Hiyo ni D mbili, kwingine kote F. D zangu zilikuwa za Kiswahili na Uraia. Kwa cheti hicho nimeuza nondo, mabati na misumari hapa Morogoro mjini miaka yote hii. Kazi si mbaya. Ila tajiri alipotaka mtu wa kushika vitabu vya duka, alimleta kijana mwenye astashahada, na mimi ndiye niliyekaa naye wiki nzima kumwelekeza nondo ya milimita 12 na ya 16 zinavyotofautishwa kwa macho.

Mwaka 2023 nilirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Naandika haya kwa sababu wanaoniuliza dukani ni wengi, na karibu wote wanadhani lazima uwe na laki tano mfukoni au uache kazi.

Mimi nilianza kwa kuangalia chuo kinataka nini, shule ikafuata baadaye. Nilichukua mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, nikatafuta kozi ninayoitaka, uhasibu ngazi ya astashahada ya awali, nikasoma sifa za kujiunga: ufaulu wa masomo manne, ya dini hayahesabiki. Basi. Mimi ninayo mawili. Maana yake nilikuwa napungukiwa D mbili, na D inaanzia alama 30. Ukishaiona hesabu hiyo, woga wote unapungua, na bei pia. Kozi nyingine zina masharti yake, za afya kwa mfano zinataka Kemia, Biolojia na wenzake, kwa hiyo usichukue hesabu yangu ukaifanya yako. Ila fanya ya kwako kabla hujatoa shilingi kwa mtu yeyote.

Nasema hivyo kwa sababu kituo cha kwanza cha masomo ya jioni nilichokwenda hakikuniuliza nina nini na nataka nini. Dada wa mapokezi alifungua daftari, akaandika jina langu, akaniambia "masomo saba, ada unalipa kwa miezi mitatu mitatu, fomu elfu kumi, kitambulisho elfu tano". Nikamwambia nataka manne tu. Akaniangalia kama mteja anayetaka kununua nusu ya bati. "Dada yangu, mfumo wetu ni saba." Nikamshukuru nikaondoka. Kama una D moja, au cheti kizima ni F, saba inaweza kukufaa. Kwangu ingekuwa kulipia Kiswahili ambacho tayari ninacho.

Kwa nini manne wakati nilihitaji mawili? Bima. Nilichagua Historia, Jiografia, Kiingereza na Biashara. Hesabu niliiacha kwa makusudi kwa kuwa kozi yangu haikuitaja. Sayansi pia sikuigusa. Mtu wa kazini asiye na maabara atahangaika sana kwenye mazoezi ya vitendo, na kwa bajeti yangu haikuwa na faida.

Usajili wenyewe ni rahisi kuliko unavyosemwa mitaani. Unakwenda kwenye shule iliyo kituo cha mtihani kwa watahiniwa wa kujitegemea, wanakupa namba rejea, ndipo unajaza fomu kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Unatakiwa uwe na namba yako ya mtihani wa zamani, ile inayoanza na S, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti, si kama unavyojiita sasa. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu, unalipa kwa simu au benki. Mimi nililipa 50,000. Aliyechelewa mwaka ule alilipa 65,000, na dirisha la kawaida lilifungwa mwisho wa Februari, la faini mwisho wa Machi. Hapo wengi ndipo wanapokwama: mtu anaamka Juni, amejaa hamasa, mwaka umeshampita. Kituo cha mtihani nacho kilichukua mchango wake wa usimamizi, pesa kidogo, lakini hazimo kwenye ile 50,000, hivyo ziwekee nafasi.

Hayo ni kwa aliyewahi kufanya kidato cha nne au kufaulu mtihani wa kidato cha pili. Aliyeishia darasa la saba anapitia kwanza QT, Mtihani wa Maarifa, ambao ada yake ilikuwa 30,000, akifaulu ndipo anasajiliwa kidato cha nne. Wifi yangu aliacha shule kidato cha kwanza kwa ujauzito. Yeye hakupita njia yangu kabisa. Alichukuliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kupitia mradi wa SEQUIP, ambao sehemu yake moja iliwalenga wasichana waliokatisha masomo, na ada hakulipa. Anasoma kwa hatua mbili: ya kwanza ni kidato cha kwanza na cha pili kwa pamoja, ya pili ni cha tatu na cha nne. Miaka minne inakuwa miwili. Kama una binti wa namna hiyo nyumbani, kabla hujampeleka kituo cha kulipia, nenda ofisi ya taasisi hiyo ya mkoa ukaulize. Bure inaweza kuwepo, ila haijitangazi.

Sasa niseme kilichonifaulisha, na hakikuwa kituo cha masomo ya jioni.

Kwenye tovuti ya Baraza kuna pasti pepa, karatasi za mitihani iliyopita, kila mtu anazijua, steshenari zote pale Msamvu wanakuchapia. Lakini jirani yake kuna kitu ambacho sijamkuta mtu mtaani anakisoma: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Kila somo lina yake kila mwaka. Wanachukua swali moja moja, wanaeleza lilitaka nini, wangapi walilipata, wangapi walilikosa na kwa nini. Halafu wanaweka picha ya jibu lenyewe, mwandiko wa mwanafunzi vilevile alivyoandika kwa kalamu yake, jibu zuri na jibu baya. Nilikaa na taarifa ya Historia usiku wa kwanza hadi simu ikazima. Unaona mtoto amejaza ukurasa mzima, mwandiko mzuri kunishinda, na chini yake wameandika kwamba hakuelewa matakwa ya swali. Ameulizwa athari, ameandika sababu. Unageuza, mwingine ana mistari michache, hoja zimehesabika, kila moja na maelezo yake, utangulizi na hitimisho vipo, naye ndiye wamemweka kama mfano mwema. Mwaka 2012 hakuna aliyewahi kunionyesha kitu cha namna hiyo. Tulikuwa tunakariri noti za ubaoni tukiamini anayejaza karatasi nyingi ndiye anayejua. Taarifa za masomo yangu zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nilizisoma polepole na kamusi, nikajikuta nasoma na somo la Kiingereza humohumo.

Vitabu vya kiada navyo ni bure. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, unajisajili, unafungua kitabu kilekile kinachotumika shuleni. Malalamiko yangu ni mawili. Kwanza, kusoma Jiografia kwenye kioo cha simu ndogo ni adhabu, ramani huioni mpaka uivute, ukiivuta unapoteza maelezo. Pili, bando. Bure ya mtandaoni ina bei yake, nami nilipiga hesabu nikaona ni nafuu kununua kitabu kimoja cha Jiografia kilichotumika na kubaki na simu kwa mengine. Kwa maudhui yake nyota nne, kwa macho yangu mbili.

Kiingereza peke yake ndicho nilichokilipia. Nilipata kituo cha pili, kidogo, madarasa mawili ya shule ya msingi wanayokodi jioni, nao walikubali niingie somo moja kwa elfu kumi kwa mwezi. Mwalimu alikuwa kijana wa chuo, anakuja na pikipiki, anafundisha insha na ufahamu kama mtu anayejua kwamba tumetoka kazini na tumechoka. Alikuwa anatusahihishia kwa kalamu nyekundu mbele yetu, mmoja mmoja, unasimama pembeni ya meza yake kama mtoto. Darasani kulikuwa na mama wa genge, walinzi wawili wanaopokezana daftari kulingana na zamu, na mzee mmoja dereva ambaye alikataa kuitwa mwanafunzi, akataka aitwe "mzee" hivyohivyo. Kusema kweli hao watu ndio walionifanya nisiache. Ukisoma peke yako chumbani hakuna anayekupigia simu kuuliza mbona hujaja.

Lakini kituo kina kasoro zake na sitazificha. Mvua za masika zilipoanza mwalimu alikosa vipindi vingi, hakuna aliyefidia, na ada ya mwezi ilidaiwa kamili. Umeme ukikatika tunaondoka. Walinzi wangu wawili walikuwa wanasoma masomo yote saba palepale, na mwalimu wa Jiografia ninavyosimuliwa alibadilishwa mara kwa mara mpaka mada ya ramani haikuisha. Kwa somo moja ambalo huwezi kujisomea, kalipie. Kwa masomo ya kusoma na kuandika hoja, kama Historia, sioni sababu. Nawapa nyota tatu, na moja kati ya hizo ni ya yule kijana wa pikipiki.

Jambo moja wasilokwambia wakati wa kusajili: mwanafunzi wa shuleni ana alama za maendeleo anazoingia nazo kwenye mtihani, wewe wa kujitegemea unabebwa na karatasi ya siku ile tu. Ukiharibu, umeharibu. Ndiyo maana mazoezi ya muda ni muhimu. Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa, nilikuwa najifungia stoo kwenye mifuko ya saruji na pasti pepa moja, simu imetegwa saa, sitoki mpaka ilie. Nilitoka na vumbi, ila nilitoka nimemaliza maswali yote.

Ruhusa ya kazini omba mapema. Ratiba ya Baraza ikitoka, zungushia siku za masomo yako tu, umpelekee tajiri karatasi yenyewe. Wangu alipoona ni siku nne ndani ya Novemba, tena zingine nusu siku, akalegea. Angeambiwa kwa mdomo "nina mtihani mwezi wa kumi na moja" angefikiri nataka mwezi.

Matokeo yalitoka Januari 2024. Historia C. Jiografia D. Kiingereza D. Biashara F. Naam, mimi ninayeshinda dukani tangu asubuhi, Biashara F. Mzee dereva alicheka hadi akashika ukuta. Lakini ufaulu wa masomo mawili niliouhitaji ulikuwepo na mmoja wa ziada, ile bima ikafanya kazi yake, na chuo kilipokea vyeti viwili, cha 2012 na cha 2023, bila maneno, kwa udahili wa Machi.

Kwa ujumla, ukijumlisha ada ya Baraza, mchango wa kituo cha mtihani, Kiingereza cha jioni, kitabu kimoja cha mtumba, bando na machapisho ya steshenari, sikufika laki mbili na nusu, zikiwa zimesambaa mwaka mzima. Kilichokuwa kikubwa ni Kiingereza. Anayekijua Kiingereza angepunguza sehemu kubwa ya hapo.

Mafundi wanaokuja kununua bidhaa huwa wananiuliza kama nao warudie kidato cha nne. Fundi uashi au umeme mwenye mikono inayojua kazi namwambia aende VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, akaulize utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, wanampima anachokijua na kumpa cheti. Kukaa na Historia kwa ajili ya nini? Na aliyemaliza kidato cha sita au ana stashahada na anataka shahada bila kuacha kazi, Chuo Kikuu Huria kipo kwa ajili hiyo tangu miaka ya 90. Huyo njia yangu haimhusu.

Anayejisajili sasa aangalie kwanza muhtasari. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, na vitabu vya mtumba vilivyotandazwa chini sokoni ni vya zamani, muuzaji hatakwambia. Uliza kwenye kituo cha mtihani, mtihani wako unatungwa kwa muhtasari upi, wakuandikie na jina la kitabu, ndipo ukapatane bei.