Uzoefu wangu na shule ya kimataifa Dar: ithibati, MAP na pointi za IB zinamwambia nini mzazi

Nimekuwa mzazi wa shule moja ya kimataifa hapa Dar tangu binti yangu alipoanza darasa la kwanza, na sasa yuko sekondari. Jina la shule nalihifadhi. Walimu wengi ni wazuri, mtoto anaipenda, na ada ya mwaka mmoja ingenipatia kiwanja Kibaha na chenji ikabaki. Bwawa la kuogelea na mabasi yenye kiyoyozi sitayagusa, wengine wameshayaandika sana. Mimi nataka kuongelea ubora, maana ndicho tunachouziwa.

Neno "International" kwenye bango lisikubabaishe. Zipo shule kibao mjini zenye neno hilo ambazo hazina uhusiano na chombo chochote cha nje. Angalia nembo, halafu uliza kila nembo inakagua nini, kwa sababu hazifanyi kazi moja. Cambridge, bodi ya mitihani ya Uingereza, husajili shule ili ifundishe mitaala yake na kufanyisha mitihani yake, kama IGCSE ya ngazi ya kidato cha nne, iliyoanza 1988. IB (International Baccalaureate), iliyozaliwa Geneva mwaka 1968, huidhinisha shule kufundisha programu zake, kisha hurudi kuzitathmini kila baada ya miaka mitano. CIS (Council of International Schools), yenye makao yake Leiden, Uholanzi, na NEASC, jumuiya ya shule na vyuo ya Marekani ambayo ipo tangu 1885, ndizo hutoa ithibati, yaani uthibitisho wa ubora, ya shule nzima: bodi, fedha, ajira, ulinzi wa watoto, ufundishaji. Wadhibiti ubora wa Wizara nao wanapita, lakini nembo yao hutaiona kwenye kipeperushi.

Ya kwetu ilikuwa inahuisha ithibati ya CIS, kwa hiyo nimeliona zoezi hilo kwa ndani kidogo. Kwanza shule hujitathmini yenyewe, kazi ya mwaka mzima na zaidi. Tulijaza dodoso, walimu wakawa na vikao kila kukicha. Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba CIS haiji na tafsiri yake ya elimu bora. Shule ndiyo inatakiwa iandike inamaanisha nini inaposema mtoto anajifunza vizuri, kisha inapimwa kama inatimiza ilichoandika. Mimi naona ni utaratibu wa heshima, ila una mwanya: shule ikijiandikia ahadi nyepesi, itaifikia bila jasho.

Kisha ikaja timu, walimu na wakuu wa shule nyingine za kimataifa wanaojitolea. Tulikutana nao maktaba, chai na sambusa mezani, wazazi tumevaa kama tunakwenda harusini. Nilitegemea maswali ya mitaala. Mama mmoja kwenye timu akauliza: mtoto wako akirudi nyumbani akasema kuna mtu mzima shuleni anamtia wasiwasi, utampigia nani? Tukatazamana. Mmoja akasema mwalimu wa darasa, mwingine mkuu wa shule, baba mmoja akasema yeye angempigia wakili. Yule mama akaandika tu. Msisitizo huo una sababu yake. Mwaka 2014 iligundulika kuwa mwalimu mmoja Mmarekani alikuwa amewadhuru wanafunzi wengi huku akihama shule moja ya kimataifa hadi nyingine, nchi baada ya nchi, kwa miongo kadhaa. Mwaka huohuo vyombo vya shule za kimataifa, CIS ikiwemo, vikaunda kikosi kazi cha kulinda watoto, na masharti ya ithibati yakakazwa. Leo ukiingia getini kwetu unakuta picha za maofisa wa ulinzi wa mtoto na namba zao. Hazikuwepo kabla ya ile chai. Kwa hilo peke yake naipa ithibati nyota tano.

Nyota zikaanza kupungua nilipoomba ripoti. Mapokezi: "Mama, hiyo ni ya ndani." Utawala: tutakutumia muhtasari. Muhtasari ukaja, kurasa mbili za pongezi. CIS yenyewe haichapishi ripoti hizo hadharani, kwa hiyo huna pa kukimbilia. Dada yangu yuko Dubai, na huko mambo ni tofauti kabisa: mamlaka yao ya elimu, KHDA, ilianza ukaguzi wa shule binafsi mwaka 2008, ikazipanga kwa madaraja kuanzia bora kabisa hadi dhaifu, na ripoti ikawa inasomwa na yeyote mtandaoni. Hata shule zilizo nje ya Uingereza zinazofuata mfumo wake, zikikaguliwa chini ya mpango wa BSO (British Schools Overseas), ripoti zao hutolewa hadharani. Sisi hapa tunalipa ada nene halafu tunabembeleza muhtasari. Niling'ang'ania, wakanionesha orodha ya mapendekezo nikiwa nimekaa ofisini kwao. La kwanza kabisa: ufundishaji wa hisabati hauna mtiririko kutoka msingi kwenda sekondari. Ukurasa huo mmoja ulinifaa kuliko vipeperushi vyote.

Upande wa kumpima mtoto, shule inatumia MAP, mtihani wa kompyuta ambao maswali yake hupanda au kushuka ugumu kadiri mtoto anavyojibu. Nauona mzuri, ila shule inautuma bila maelezo, na kila ripoti zikitoka grupu la wazazi linawaka moto. Mzazi anaona 58 anadhani ni alama, anamwita mtoto sebuleni. Siyo alama. Maana yake mtoto amewapita wenzake 58 katika kila 100 wa darasa lake, na wenzake hao ni wanafunzi wa Marekani. Namba ya kutazama ni nyingine, ile inayoitwa RIT, kwa sababu ndiyo inayoonesha mtoto amesogea kiasi gani tangu mtihani uliopita. Binti yangu kwenye kusoma alikuwa juu tangu mwanzo, lakini mstari wake kwenye grafu ulilala mwaka mzima. Mwalimu hakuuzungumzia mpaka nilipoweka kidole juu yake kwenye kikao cha wazazi. Mtoto anayejua tayari hupendezesha takwimu za shule hata kama hajaongezewa kitu.

Pointi za IB nazo zina ujanja wake. Diploma, ile programu ya IB ya kumalizia sekondari, ina jumla ya pointi 45: masomo sita, kila moja hadi 7, na 3 za nyongeza. Kufaulu kunaanzia 24, na wastani wa dunia kwa miaka ya kawaida huwa karibu na 30. Shule ikibandika bango la "wastani wetu 34", uliza watahiniwa walikuwa wangapi, na wangapi walioanza nao walishauriwa kuacha diploma kamili wakachukua masomo mojamoja. Mimi niliuliza hadharani kwenye kikao. Jibu likawa refu, namba hazikutajwa. Na kama mtoto anataka chuo cha hapa nyumbani, mjue mapema kuwa cheti kitapitia NECTA kupatiwa ulinganifu, kwa hiyo chagueni masomo mkilijua hilo.

Kipimo ambacho hakipo kwenye bango lolote ni walimu wanaoondoka. Mikataba ya walimu wa nje mara nyingi ni ya miaka miwili, na binti yangu amebadilishiwa mwalimu wa hisabati hadi amechoka kujitambulisha. Nadhani lile pendekezo la mtiririko lina mizizi hapo, ingawa utawala unapenda kuongelea vitabu vipya.

Kwa jumla naipa shule nyota tatu na nusu. Tunabaki, mdogo wake naye anaingia Agosti. Kama unafikiria shule ya aina hii, omba orodha ya mapendekezo ya ziara ya mwisho ya timu ya ithibati, na idadi ya walimu walioondoka mwaka jana, kabla hujalipa ada ya kuingia. Hiyo huwa hairudishwi.