Mikopo ya asilimia 10 kwa kikundi cha maafa: nyota tatu

Nimeona watu wanaulizana kama mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10, inamfaa mtu wa kujitolea. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa pwani, mkoa wa Mtwara. Tulijiunga kwa ajili ya maafa: mafuriko, upepo, ngalawa zinazozama. Mkopo tumeupata, tumeutumia, na bado tunarejesha. Nautilia nyota tatu kati ya tano. Halmashauri siitaji jina, maana mimi na afisa wake tunagombea samaki kwenye mnada mmoja, na wenzetu wa upande wa Lindi wananiambia mambo ya halmashauri zao hayana tofauti kubwa.

Kwa asiyeujua utaratibu: kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Riba hakuna. Hati ya nyumba hakuna anayekuuliza, na kwa sisi tunaoishi nyumba za urithi wenye majina ya babu kwenye karatasi, hilo peke yake ni nyota moja. Dirisha lilifungwa Aprili 2023, marejesho yalikuwa yamelegea na vikundi hewa vimezidi, likafunguliwa tena Julai 2024.

Katikati ya kufungwa huko ndipo alipokuja Hidaya. Kimbunga chenyewe kilitua Mafia tarehe 4 Mei 2024. Huku kusini tulipata mvua na upepo, lakini pigo lililotuumiza lilikuwa barabara: ilikatika kule Somanga, na mwenye haraka ya Dar es Salaam akabidi azungukie Masasi, Tunduru hadi Songea. Usiku ule kikundi chetu kilikuwa na tochi za simu, filimbi ya mwalimu wa michezo, na sauti za akina mama. Mwaka 2019 kwa kimbunga Kenneth ilikuwa hivyohivyo. Tuliambiwa tupande sehemu za juu, tukapanda na watoto na sufuria, kimbunga kikapinda kikaenda kuwaangukia ndugu zetu wa Cabo Delgado, Msumbiji. Na ukikaa na wazee watakutajia cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi. Kwa hiyo mtu asituambie pwani hii haina vimbunga, vina kawaida ya kuchelewa tu.

Dirisha lilipofunguliwa tukaandika andiko letu kwa mkono, tukalipeleka steshenari likachapwe. Tuliomba maboya ya kuvaa, machela, kipaza sauti cha betri, gambuti, kamba za manila, sanduku la huduma ya kwanza. Tukasaini wote. Dada afisa maendeleo ya jamii alilisoma lote, hakuruka ukurasa, na hilo nampa sifa. Akavua miwani.

“Mama zangu, hii kazi ni njema sana. Sasa marejesho yatatoka wapi?”

Tukatazamana. Mwenyekiti wetu, ambaye hashindwi maneno, akasema, “Mwanangu, mtu tuliyemtoa majini atatulipa nini?” Dada akacheka, sisi tukacheka, andiko tukarudi nalo mkononi.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya huduma hii, na si ya dada yule. Fedha ni mkopo, mkopo hurudi, na boya la kuokolea halizai. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeshusha kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji na mtaa, jambo jema. Ila kamati ya kijiji chetu ina mwenyekiti, ina katibu, ina daftari la mahudhurio, kasma, yaani fungu la fedha, haina. Likitokea jambo, mtendaji anapiga simu kwetu. Sisi tunatoka na nini? Ruzuku ndogo ya vifaa, ya kununulia mara moja na kukaguliwa kila mwaka kabla ya mvua, ingetosha. Wala si wazo geni. Mkufunzi wa Msalaba Mwekundu aliyetufundisha kufunga mfupa uliovunjika alitueleza habari ya tetemeko la Mexico mwaka 1985: raia wasio na mafunzo waliokoa watu wapatao 800, na watu 100 wakafa katika kuokoa. Wazima moto wa Los Angeles, Marekani, waliona hilo wakaanza kufundisha raia wa kawaida, na baadaye serikali yao ikaweka ruzuku ya mafunzo na vifaa kwa vikundi vya namna hiyo. Hakuna anayewauliza machela imeingiza shilingi ngapi. Hata ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, kamati za vijiji zinapewa vifaa vya kuonyea watu, na bendera za rangi zinapandishwa kimbunga kikikaribia. Nina shemeji upande wa Palma, ananicheka.

Basi tulifanyaje? Tuliandika upya. Mradi: kukodisha maturubai, viti vya plastiki na sufuria kubwa za shughuli. Maboya tukayateremsha ukurasa wa mwisho chini ya “vifaa vya usalama kazini”, machache. Kamati ya kata ikatukagua, tukasomeshwa kidogo kutunza vitabu, mfumo wa mtandaoni ukatusumbua kama unavyosumbua kila mtu (kijana wa steshenari amejenga nyumba kwa mfumo ule, naamini), fedha ikaingia kwenye akaunti ya kikundi. Ilichelewa, lakini iliingia kamili, na hakuna aliyetutaka “chai”. Nasema hivyo kwa sababu wengi wataniuliza.

Sasa nizungumzie turubai, maana ndilo tulilolijua vizuri. Dukani utaonyeshwa aina mbili. Lile jepesi linalong'aa ni la bei nafuu, linapendeza kwenye picha za harusi, na upepo wa kusi ukilishika mara moja vile vitundu vya pembeni vinachomoka na kipande cha kitambaa. Lile zito, linalonuka mpira likiwa jipya, linabebwa na watu wanne na akina mama wanalalamika. Chukua hilo. Angalia pindo: lipindwe mara mbili na kamba ipite ndani ya pindo. Vitundu viwe na pete ya chuma pande zote mbili, si upande wa juu tu. Mwaga maji katikati, subiri uongee mambo mawili matatu na mwenye duka, kisha pitisha kiganja chini. Kiganja kikirudi kikavu, lipia. Sisi tulifanya hivyo mbele ya muuzaji na hakupenda, lakini mpaka leo hayajavuja.

Yanatulipa? Yanalipa kwa msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba na wakulima wakishalipwa, kila nyumba ina shughuli: harusi, jando, unyago wakati shule zimefungwa. Hapo hatulali. Halafu inakuja Ramadhani, harusi hakuna, kinachobaki ni misiba, na msiba wa kijijini kwetu hatutozi, tunaomba nauli ya mkokoteni tu. Lakini ratiba ya marejesho ni ile ile kila mwezi, Ramadhani na isiyo Ramadhani. Mwezi kama huo tulichangishana mifukoni. Halmashauri nyingi za huku zinaishi kwa ushuru wa korosho, zinajua vizuri pesa ya kusini inatoka miezi gani. Zikishindwa kupanga marejesho yafuate korosho, basi sijui zinasubiri nini.

Na lipo la pili, ambalo halimo kwenye fomu yoyote. Msimu wa mvua uliofuata, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari siku ya Ijumaa. Jumamosi tulikuwa na harusi, turubai zote zimeshalipiwa. Jioni mtendaji akapiga simu: maji yanaingia nyumba za bondeni, watu wanahamia shule, lakini paa la darasa moja limeezuliwa, leteni maturubai. Yako wapi? Yako kwa bibi harusi. Sikia nikuambie, kumwendea mama mzazi wa bibi harusi, ubani unafuka na pilau liko mekoni, kumwambia tunavua turubai, si kazi ya mafunzo ya siku moja. Alituangalia. Akasema, “Acheni moja la wapishi, mengine chukueni, na hao watu wa shuleni wamekula?” Pilau likagawanywa. Fedha yake tukamrudishia nusu, alikataa, tukamwachia mlangoni. Tangu siku hiyo turubai mbili hazikodishwi kuanzia Januari hadi mvua ziishe, na kila Jumamosi ninayowajibu wateja “hakuna” naona marejesho yanapungua machoni pangu. Mkopo wa biashara unataka mali itembee, maafa yanataka mali isubiri. Kikundi kimoja hakiwezi kutumikia yote mawili kwa fedha ile ile bila mtu kuumia, na wanaoumia ni wanachama, ambao hata posho hawana.

Kwa hiyo nyota tatu. Kama ninyi ni kikundi cha kufuma ukili, kukausha dagaa, kufuga kuku, ongezeni mfanye nne na nusu, nendeni kesho. Kama ni kikundi cha kujitolea kama sisi, nendeni pia, kwa sababu dirisha jingine lililo karibu na kijiji sijaliona, lakini nendeni na mradi unaoingiza fedha ambao vifaa vyake vina matumizi mawili. Turubai lina. Sufuria kubwa inayo. Jenereta linalo. Kipaza sauti tulikinunua kwa mchango wetu, na sasa kinatangaza pia mikutano ya kijiji na ng'ombe waliopotea. Vijana wavuvi waliomba maboya yetu waende nayo baharini kila siku, tukawapa yale tuliyonayo. Boya linalokaa stoo lina faida gani?

Wenzetu wa Newala Mji waulize kwanza, maana halmashauri yao ilitajwa katika zile 10 ambazo mikopo yake ilipangwa kupitia benki, huenda mlango wao si huu. Wengine: bebeni nakala za vitambulisho vya NIDA vya wanachama wote, si vya viongozi tu, katiba, muhtasari wa kikao wenye saini, na barua ya mtendaji. Na dada afisa akivua miwani, anzeni na viti.