Mtumbwi unavuja: kalafati au faiba?

Mtumbwi wa mbao ukianza kuvuja, mafundi wa mialoni ya Mwanza watakupa njia mbili: kubadili mbao zilizooza na kuukalafati upya, yaani kuziba mishono kati ya mbao, au kuufunika wote kwa faiba, yaani nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa gundi.

Mimi nasimama na kalafati. Fundi anakwangua rangi, kisha anachomeka bisibisi kando ya kila mshono. Ikizama bila nguvu, ubao huo unang'olewa. Anasokota pamba, anaipigilia kwa patasi butu, juu yake anaziba kwa lami. Mtumbwi ukirudi majini, mbao zinavimba na kuibana ile pamba. Siku ya kwanza maji yataingia kidogo, usitishike, kuwa na kopo la kuchotea. Misumari iwe iliyopakwa zinki, maana ya kawaida inaliwa na kutu upesi.

Faiba ina mvuto wake: uso laini, kusafisha rahisi, ndoano za sangara hazinasi kwenye nyufa. Lakini rezini, ile gundi ya faiba, haishiki ubao uliolowa, na mtumbwi uliozoea ziwa unakauka polepole mno. Ukiharakisha, faiba inabanduka, maji yanajificha nyuma yake, mbao zinaoza huku nje kunang'aa. Hilo ndilo linaloniogopesha, kwa sababu ubovu huo hauuoni hadi mawimbi yakupate mbali na nchi kavu, na watu wamo ndani.

Kwa mtumbwi mpya wa mbao kavu, sawa, weka faiba. Huu wa zamani, mtafute fundi wa pamba.