Meno ya juu ya bandia hapa Tabora: safari hii walinipima uso kwanza

Seti yangu ya kwanza ilitengenezwa mji mwingine, na ukubwa wa meno ulichaguliwa kwa kunitazama tu. Yalikuja madogo mno. Nikicheka, plastiki ya fizi inaonekana kuliko meno yenyewe. Mjukuu wangu hakunificha: "Bibi, hayo si yako." Niliposikia kuna kliniki hapa mjini Tabora ambako wanapima uso kabla ya kuchagua meno, nikafunga safari kutoka Isevya.

Niseme mapema: kama bado una meno yako ya mbele, hata mawili matatu, vipimo hivi havikuhusu sana, maana fundi atayafuata yaliyopo. Mimi juu nilikuwa sina hata moja.

Daktari ni kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. "Shikamoo mwalimu, kaa wima, usitabasamu kwanza." Akachukua chuma chenye mikono miwili kama bikari ya ubaoni, akakigusisha kwenye mifupa ya mashavu, pale uso ulipo mpana zaidi. Milimita 138. Upana huo ukiugawa kwa 16 unapata makadirio ya upana wa jino moja kubwa la mbele. Kwangu ikawa kama 8.6. Urefu wa jino nao hukadiriwa hivyohivyo, kwa kugawa urefu wa uso kuanzia nywele zinapoanzia hadi chini ya kidevu. Lakini nywele zangu zimerudi nyuma kwa miaka mingi ya kusukwa, kwa hiyo kipimo hicho alikiandika bila kukitegemea.

Halafu pua. Unashusha mstari wima kutoka kila bawa la pua, nao unatarajiwa kupita karibu na ncha za chonge. Wengi hukitumia kwa sababu ni chepesi, ila mimi sikukipenda, na daktari alikubali kwamba pua hutofautiana mno kati ya jamii na jamii. Kwa pua ya ukoo wetu mistari iliangukia mbali kiasi kwamba ningetoka na meno ya kutisha watoto. Alikiacha. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Kilichonifurahisha zaidi ni picha. Aliniuliza kama ninayo ya zamani, nikiwa nimecheka kwa meno yangu. Nilikuwa nayo, ya harusi ya mdogo wangu, nimetazama kamera moja kwa moja. Akapima umbali kati ya mboni zangu mbili pichani: milimita 20. Kwenye uso wangu halisi: 64. Jino la mbele pichani lilikuwa 2.7. Zidisha 2.7 kwa 64, gawa kwa 20, unapata 8.6 na ushee. Hesabu ya darasa la saba! Ikakubaliana na ile ya mashavu. Kama una picha ya namna hiyo, ibebe. Ya kitambulisho haifai, maana wote tumefumba midomo.

Sasa shida. Maabara haina kila saizi. Meno huja yakiwa yamepangwa seti za sita sita, kila seti na namba yake, na iliyokaribiana na yangu ilibidi iagizwe Dar es Salaam. Nilisubiri kuliko nilivyoahidiwa, na hakuna aliyenipigia simu kunieleza.

Kabla ya plastiki, meno hupangwa kwenye nta ujaribu. Usikubali hatua hii irukwe, hata ukiambiwa vipimo vimetosha. Daktari alikuwa amechora kwenye nta alama za pembe za mdomo na mahali mdomo unapofika nikicheka. Akanitaka nihesabu kuanzia sitini, kwa ajili ya sauti ya "s", kisha niseme "fundi", "fedha", "fisi", aone kama ncha za meno zinagusa mdomo wa chini. Meno mawili ya kati yalikuwa marefu kidogo, "f" ikanipuliza. Yakapandishwa hapohapo. Nikaomba pia moja la pembeni ligeuzwe kidogo, kwa sababu yangu ya asili hayakuwahi kunyooka. Fundi alicheka, akafanya.

Nililipa nusu mwanzoni na nusu siku ya kuchukua. Palibana upande mmoja, nikarudi wakapasugua bila malipo. Usiku nayavua, nayaweka kwenye maji.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa kule kusubiri bila taarifa, na kwa sababu ilibidi niombe mwenyewe namba ya meno na ya rangi viandikwe kwenye kadi yangu. Nawe omba, jino likivunjika fundi ajue aagize lipi.