Isiukhu nitarudi, lakini si na yule kijana

Kama unataka kwenda maporomoko ya Isiukhu, msitu wa Kakamega, nenda. Ila usikubali kutolewa kwenye njia. Sisi tulitoka Kisumu alfajiri, kikundi kidogo, tukalipa geti la Buyangu, na kijana tuliyempata kwa simu ndiye aliyetuongoza.

Njia yenyewe ipo, inafuata mto. Yeye akasema hiyo ni ya watoto wa shule, ana yake ya mkato. Mkato gani! Tuliingia vichakani hadi mto ukaacha kusikika, matawi yanatuchapa usoni, upupu mikononi, naye yuko mbele huko, simu sikioni, anacheka na mtu. Halafu siafu. Aliyewahi kuwakanyaga anajua: huwahisi mpaka wamefika mapajani, ndipo wanauma wote kwa pamoja. Nilivua viatu na soksi nikirukaruka kwenye matope, nawang'oa mmoja mmoja. Mwili unakatika, kichwa kinabaki kimeng'ang'ania ngozi.

Nikamwita, "Kijana wangu, tungoje kidogo." Akageuka, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Mama, kama huwezi kutembea si ungebaki kwa gari."

Ningebaki kwa gari! Mimi niliyeweka mafuta kwenye hilo gari! Siafu nimewasamehe, ndiyo kazi yao. Hayo maneno, bado.

Tulipofika, sawa, niseme ukweli. Si maporomoko marefu, ukitaka urefu nenda Nyahururu. Lakini mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, maji yanagonga mawe mpaka unayasikia kifuani, na juu mbega wanaruka mti hadi mti, mikia myeupe inapepea. Hapo nilikuwa tayari kusamehe kila mtu.

Ndipo akaja kudai pesa ya ziada, eti njia ya mkato ina kazi. Mvua ya alasiri ya kule nayo haina simile, ikatukuta tukibishana. Kurudi nilikataa katakata kumfuata, nikashika ile ile ya watoto wa shule, wenzangu nyuma yangu. Tulifika getini hata hatujamaliza kumsengenya.

Isiukhu nyota tano. Haya, nne, kwa sababu ya matope. Yeye nilitaka kumpa mbili, maana angalau hatukupotea, lakini nikikumbuka "ungebaki kwa gari" naona hata moja ni nyingi. Na tulipoagana alikuwa na uso wa kuniomba nimwandikie maneno mazuri mtandaoni!