Boksi la sakiti kwa walimu tarajali: vifaa safi, kadi za maswali bado

Vifaa havina ubaya: betri tatu za voti 1.5, balbu nne za voti 2.5, swichi na waya zenye klipu. Mwongozo ndio unaoponza. Unaagiza betri zote tatu ziungwe mfululizo, yaani voti 4.5, na balbu ikiwa moja haikawii kuungua. Tumia betri mbili, mwanga unatosha.

Kadi ndizo dhaifu hasa. Nyingi ni za “Je, balbu imewaka?”, darasa zima linaitikia “Ndiyooo!” na hakuna aliyefikiri. Afadhali mwalimu tarajali aulize: “Tukiunga balbu ya pili mfululizo, mwanga utakuwaje? Kwa nini?” Asubiri walau sekunde 3, ndipo amtaje mwanafunzi. Boksi moja litoshe wanne. Wakiwa saba, watatu watakuwa watazamaji.